Bastola ya Kujilinda: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchagua, Kubeba na Kuhifadhi

Mwananchi anayemiliki bastola kwa ajili ya kujilinda huibeba au kuihifadhi kwa maelfu ya saa bila kuitumia. Wengi wa wamiliki hao hufikia mwisho wa maisha yao bila kumlenga mtu hata mara moja. Hata hivyo, katika saa hizo zote silaha huwa mahali fulani: kiunoni, ndani ya gari, chini ya mto au juu ya kabati. Ajali nyingi huanzia katika saa hizo za kawaida. Mtoto huiona bastola na kuichezea, mwizi huondoka nayo, au mmiliki mwenyewe hujijeruhi akiivaa au akiisafisha.

Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa bastola ndogo inayobebwa kila siku chini ya nguo haupaswi kuanza na swali la ipi ina nguvu zaidi au ipi inapendeza. Swali la kwanza ni iwapo mmiliki ataweza kuidhibiti silaha hiyo saa zote, awe macho au amelala, awe nyumbani au safarini. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mwombaji wa leseni na mmiliki wa sasa wanapaswa kuyapima.

Sheria hutangulia silaha

Nchini Tanzania, umiliki wa silaha za kiraia unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015, iliyofuta Sheria ya Silaha na Risasi, Sura ya 223. Msingi wa sheria hiyo ni kwamba silaha ni dhamana inayotolewa kwa masharti, na dhamana hiyo inaweza kuondolewa. Hakuna anayeruhusiwa kumiliki silaha au risasi bila leseni, na mwombaji hupimwa mwenendo wake, afya ya akili yake na uwezo wake wa kuitumia silaha kwa usalama.

Maombi huanzia ngazi ya chini, katika serikali ya mtaa au kijiji ambako mwombaji anafahamika, kisha hupitia kamati za ulinzi na usalama hadi Jeshi la Polisi. Mlolongo huo una sababu yake. Majirani na viongozi wa mtaa ndio wanaojua kama mwombaji ni mtu wa ugomvi, kama ana ulevi uliokithiri, au kama nyumbani kwake kuna mgogoro wa ndoa au wa ardhi. Mambo ya namna hiyo hayaonekani katika karatasi za maombi pekee.

Mwombaji anashauriwa asilipie silaha yoyote kabla maombi yake hayajakubaliwa, na anunue kwa muuzaji aliyeidhinishwa tu. Bastola iliyonunuliwa kwa mtu binafsi bila kufuata utaratibu ni silaha haramu, hata kama muuzaji ana maelezo mazuri na hata kama namba ya silaha inasomeka. Kupatikana na silaha bila leseni ni miongoni mwa makosa yanayoshughulikiwa chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupanga, Sura ya 200.

Leseni pia haigeuki kuwa mali ya familia. Hutolewa kwa mtu mmoja na kwa silaha iliyotajwa. Mke, mume, mtoto au dereva wa mmiliki hana ruhusa ya kuibeba bastola hiyo kwa sababu tu wanaishi au wanafanya kazi pamoja.

Udogo wa bastola una gharama yake

Bastola za mkononi hugawanywa kwa ukubwa katika makundi matatu makuu: kubwa, za wastani na ndogo kabisa. Mfano wa kundi la kwanza ni Glock 17, iliyoundwa na Gaston Glock wa Austria na kupokewa na jeshi la nchi hiyo mwaka 1982. Mtutu wake una urefu wa milimita 114 na magazini yake huchukua risasi 17. Mwaka 1988 kampuni hiyo ilitoa Glock 19, ambayo ni ya wastani, yenye mtutu wa milimita 102 na magazini ya risasi 15. Glock 26 ni fupi zaidi, ikiwa na mtutu wa milimita 87 na risasi 10. Mwaka 2018 kampuni ya SIG Sauer ilitoa P365, bastola nyembamba yenye mtutu wa milimita 79 ambayo nayo huchukua risasi 10. Majina haya yanatajwa kama mifano ya vipimo na si kama pendekezo la kibiashara.

Wanunuzi wengi hudhani kuwa bastola ndogo zaidi ndiyo rahisi zaidi kutumia. Ukweli ni kinyume chake. Bastola ndogo hufichika kwa urahisi, lakini ni ngumu kuilenga na kuituliza. Uzito mdogo unaifanya iruke zaidi mkononi kila inapofyatuliwa. Mpini mfupi huacha kidole cha mwisho bila mahali pa kushika. Umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma huwa mfupi, hivyo kosa dogo la mkono huwa kosa kubwa kwenye shabaha. Mtu mwenye uzoefu anaweza kuyamudu hayo, lakini anayeanza mara nyingi huhangaika.

Kwa upande mwingine, bastola kubwa huchosha. Glock 19 ina uzito wa takribani gramu 600 bila magazini, na hukaribia gramu 850 ikiwa imejazwa risasi. Uzito huo unapokaa kiunoni kutwa, mmiliki asiyezoea huanza kuivua na kuiweka popote anapoketi: kwenye droo ya ofisi, kwenye kiti cha gari au mezani. Hapo ndipo udhibiti hupotea. Bastola inayofaa ni ile ambayo ni ndogo kiasi cha kubebwa kutwa bila kuvuliwa, na kubwa kiasi cha kushikwa kwa vidole vyote. Kwa watu wengi, kipimo hicho huangukia kwenye kundi la wastani au chini yake kidogo.

Mkono wa mmiliki ndio kipimo

Bastola haipimwi kwa kuitazama ndani ya kioo cha duka. Mwombaji anapaswa kuishika ikiwa tupu, mbele ya muuzaji au mkufunzi, na kujiuliza maswali machache. Je, kidole cha shahada kinafika kwenye kifyatulio, yaani triga, bila mkono kulazimika kuzunguka mpini? Je, ana nguvu za kutosha kukivuta nyuma chuma cha juu wakati wa kukoki na kutoa risasi chemba? Je, anaweza kubonyeza kitufe cha kuachia magazini bila kugeuza silaha kuelekea kwa mtu aliye pembeni?

Swali la kukoki ni muhimu hasa kwa wazee, kwa watu wenye maumivu ya viungo na kwa wenye mikono midogo. Bastola nyingi ndogo zina springi ngumu kuliko kubwa, kwa kuwa chuma chake cha juu ni chepesi na husafiri umbali mfupi. Mtu asiyeweza kuikoki bastola yake kwa urahisi hawezi pia kuhakikisha kwa urahisi kwamba ni tupu, na hiyo ni hatari kubwa kuliko kutokuwa nayo.

Kipenyo cha risasi

Risasi inayotumika zaidi duniani katika bastola za aina hii ni ya milimita 9 kwa 19, iliyobuniwa na Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20. Inapatikana kwa urahisi, mrejeo wake unavumilika na bastola nyingi za kisasa zimejengwa kuizunguka. Zipo pia bastola za milimita 7.65, kama Walther PPK ya mwaka 1931, ambazo mrejeo wake si mkali.

Jambo ambalo wengi hawalipimi ni mahali risasi inapoishia. Risasi ya milimita 9 inaweza kusafiri zaidi ya kilometa moja. Katika makazi yaliyosongamana, kuta za mabati, mbao au tofali jembamba haziizuii. Mlango wa chumba hauizuii. Hivyo mmiliki anayefyatua ndani ya nyumba yake anawajibika pia kwa mtoto wa jirani aliyelala upande wa pili wa ukuta. Vivyo hivyo, kupiga risasi hewani kwenye sherehe, msibani au kwa kujionyesha ni kitendo cha hatari, kwa kuwa kila risasi iliyopanda hushuka, na hakuna anayejua itashukia wapi.

Kinga zilizomo ndani ya bastola

Bastola za kisasa zina kinga za ndani zinazozuia risasi kulipuka pale silaha inapoanguka. Baadhi ya bastola za zamani hazina kinga hizo. Tokarev TT-33 ya Kisovieti, ambayo pamoja na nakala zake imesambaa katika mabara mengi, haikuundwa na kitufe cha usalama; kinga yake ni nafasi ya nusu ya kikokeo pekee. Kuibeba silaha ya namna hiyo ikiwa na risasi chemba ni kujitafutia maafa.

Kwa upande wa kifyatulio, kuna mifumo miwili inayokutwa zaidi. Wa kwanza, kama ule wa Glock, hutumia uzito uleule kila mara, takribani kilo 2.5, na hauna kitufe cha nje cha usalama. Faida yake ni urahisi. Hatari yake ni kwamba chochote kinachoingia mbele ya kifyatulio, iwe kidole, pindo la shati au kamba ya koti, kinaweza kuufyatua. Mfumo wa pili, unaopatikana katika bastola kama CZ P-07 ya Jamhuri ya Czech, hufanya mvuto wa kwanza kuwa mrefu na mzito, na inayofuata kuwa mepesi. Mfumo huo unasamehe zaidi makosa ya kugusa, lakini unahitaji mazoezi ili risasi ya kwanza isiende pembeni.

Hakuna mfumo unaochukua nafasi ya nidhamu. Kanuni nne zilizoenezwa na mkufunzi wa Marekani Jeff Cooper hufundishwa katika nchi nyingi. Kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi. Mtutu usielekezwe kwa kitu ambacho mmiliki hayuko tayari kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio hadi macho yawe kwenye shabaha. Na mmiliki aijue shabaha yake pamoja na kilicho nyuma yake. Anayezishika kanuni hizo nne kwa pamoja, hata akikosea moja, nyingine humwokoa.

Mkoba wa bastola si pambo

Watu wengi hutumia fedha nyingi kwa bastola na kuitia mfukoni au kuichomeka kiunoni bila mkoba wake. Hilo ni kosa. Mkoba sahihi hufanya kazi tatu: hufunika kifyatulio chote kwa kitu kigumu, huishika bastola isidondoke mbebaji anapokimbia au kuinama, na huiweka mahali palepale siku zote. Mkoba wa kitambaa laini uliochakaa unaweza kukunjamana na kuingia mbele ya kifyatulio wakati bastola inarudishwa. Kurudisha bastola kufanyike polepole, macho yakitazama na nguo zikiwa zimesogezwa pembeni.

Bastola ya kujilinda hubebwa chini ya nguo ili isitie watu hofu na isimvutie mporaji. Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya Afrika Kusini ya mwaka 2000, kwa mfano, inamtaka anayebeba bastola hadharani awe nayo katika mkoba uliotengenezwa kwa kazi hiyo au chombo kinachofanana nao, iwe imefunikwa kabisa, na awe na uwezo wa kuidhibiti. Mmiliki anayeinua shati lake baa au kwenye foleni ili waliopo waione silaha amekwisha kupoteza maana ya kuwa nayo.

Kwa wanawake, kubeba bastola ndani ya mkoba wa kawaida wa mkononi kunahitaji tahadhari ya pekee. Mkoba huwekwa chini, hutundikwa kwenye kiti, hufunguliwa na watoto wakitafuta peremende, na hunyakuliwa na waporaji wa pikipiki. Ikilazimu, bastola iwe katika sehemu yake ya pekee ndani ya mkoba huo, isichanganywe na funguo, simu au kalamu, na mkoba usiachwe mbali na mwili.

Gari nalo si ghala. Boksi la mbele ya kiti halina kinga dhidi ya mwizi, na mtu anayeiacha bastola garini wakati wa kuingia benki au ibadani anamwachia silaha atakayevunja kioo. Anayesafiri kwa ndege anatakiwa kuitangaza silaha yake mapema kwa mamlaka za uwanja na kufuata maelekezo yake; kuipitisha kwenye ukaguzi kwa kusahau si utetezi.

Joto, jasho na chumvi

Katika miji ya Pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, bastola inayobebwa karibu na ngozi hukutana na jasho pamoja na hewa ya chumvi. Kutu huanza mahali pasipoonekana: ndani ya mtutu, kwenye springi za magazini na kwenye vilengeo. Mmiliki anapaswa kuifuta silaha yake mara kwa mara, kuipaka mafuta mepesi na kukagua risasi zake. Risasi ambayo imeingizwa na kutolewa chemba mara nyingi inaweza kusukumwa ndani ya ganda lake, na hiyo haifai kutumika tena.

Kabla ya kusafisha, utaratibu ni ule ule kila siku: magazini hutolewa kwanza, kisha risasi hutolewa chemba, kisha chemba hukaguliwa kwa macho na kwa kidole. Anayeanza na chemba kabla ya kutoa magazini huingiza risasi nyingine bila kujua, na ajali nyingi za wakati wa kusafisha huzaliwa na kosa hilo. Risasi zisikae mezani pamoja na silaha inayosafishwa.

Nyumbani ndiko kwenye mtihani

Mtoto hujua nyumba kuliko mwenye nyumba anavyodhani. Huijua droo iliyofungwa, huujua mto wa baba na hujua funguo zinawekwa wapi. Kuficha si kuhifadhi. Bastola isiyo mwilini inapaswa kuwa ndani ya kasiki la chuma lililofungwa na kukazwa ukutani au sakafuni, na funguo au namba ya siri ibaki kwa mwenye leseni peke yake. Risasi za akiba zihifadhiwe mahali pengine penye kufuli.

Mwombaji ambaye bado hana uwezo wa kununua kasiki anashauriwa aahirishe ununuzi wa bastola. Bei ya silaha ihesabiwe pamoja na kasiki, mkoba, mafunzo na risasi za mazoezi. Anayekosa vitu hivyo amepata nusu ya silaha na hatari nzima.

Vilevile ziko nyakati ambazo nyumba haifai kuwa na silaha kabisa, hata kama leseni ipo. Ugomvi mkubwa wa ndoa, ulevi, au msongo unaomfanya mtu azungumzie kujidhuru ni sababu za kutosha za kuomba silaha ihifadhiwe kituo cha polisi. Ndugu wanaoona dalili hizo wanapaswa kutoa taarifa mapema. Kufanya hivyo si usaliti kwa familia.

Haki ya kujilinda ina mipaka

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, inatambua haki ya mtu kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali. Haki hiyo inaambatana na sharti kwamba nguvu inayotumika iwe ya kiasi kinachofaa kulingana na hatari iliyopo. Mwizi anayekimbia akiwa ametupa alichoiba, mtu aliyetukana, au dereva aliyegonga gari la mwenzake hawezi kuhesabiwa sawa na mvamizi mwenye panga ndani ya chumba cha kulala.

Kwa hiyo mbebaji wa bastola anahitaji uvumilivu kuliko mtu asiyenayo. Anapaswa kuondoka kwenye ugomvi mapema, kukataa kujibu matusi na kuacha kabisa kubeba silaha anapokwenda kunywa. Ikitokea amelazimika kufyatua, wajibu wake ni kutoa taarifa polisi mara moja, kumsaidia aliyejeruhiwa kadiri usalama unavyoruhusu, na kutogusa wala kuhamisha chochote eneo la tukio. Namba ya dharura ni 112.

Silaha ikipotea, mmiliki akifariki

Upotevu wa silaha unatakiwa kuripotiwa polisi bila kuchelewa. Kila saa inayopita kabla ya taarifa ni saa ambayo bastola hiyo inaweza kutumika katika uhalifu kwa namba iliyosajiliwa kwa jina la mmiliki. Inashauriwa namba ya silaha iandikwe na kutunzwa mahali pengine, tofauti na pale silaha inapokaa.

Mmiliki anapofariki, bastola yake haigawanywi pamoja na mirathi mingine kabla ya sheria kufuatwa. Ndugu wanapaswa kuipeleka kituo cha polisi pamoja na leseni na risasi zake. Mrithi anayeitaka ataomba leseni yake mwenyewe na kupimwa kama mwombaji mwingine. Silaha zinazokaa miaka kwenye sanduku la marehemu ndizo huanza safari ya kuingia mikononi mwa wahalifu.

Suala hilo linavuka mipaka ya nchi. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo na nyepesi, ambayo Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoitia saini, inazitaka nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kudhibiti umiliki wa kiraia, kuweka alama kwenye silaha na kutunza kumbukumbu zake. Umoja wa Afrika nao umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka kuwa mwezi wa kusalimisha silaha zinazomilikiwa kinyume cha sheria. Katika uhakiki wa silaha uliofanyika nchini mwaka 2016, wamiliki walitakiwa kuzipeleka silaha zao ili zilinganishwe na kumbukumbu za Serikali.

Wananchi wanaofikiria kuomba leseni wanashauriwa kufika kituo cha polisi cha wilaya wanayoishi ili wapate maelekezo ya utaratibu na ada za wakati huo, na kupata mafunzo kabla ya kuchagua silaha. Wamiliki waliopo wanakumbushwa kukagua uhai wa leseni zao na mahali bastola zao zinapolala usiku. Mwenye shaka kama anaweza kuidhibiti silaha saa zote asiombe, na ambaye hali yake imebadilika tangu apewe leseni airejeshe mapema.